Wanafunzi wa uuguzi wafundishwe kugusa, wasisubiri wekundu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi hapa Kigoma, wodini tunapokea wanafunzi wa diploma wanaokuja fildi, ni vijana wana bidii kweli, ila kuna kitu kwenye somo la kinga ya mwili kinaniumiza roho na nataka walimu wa vyuo wakisikie.

Muulize mwanafunzi dalili za mwili unapopambana na jeraha au vijidudu, anakutajia fasta: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na kiungo kushindwa kufanya kazi. Yuko sahihi, zile nne za kwanza aliziandika Mroma Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita na bado zinafundishwa. Sasa tatizo ni hiyo ya kwanza. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, mtoto wa watu anakuja wodini anatafuta wekundu ule wa kwenye picha. Mvuvi wa Kibirizi aliyechomwa na mwiba wa samaki mguuni hawi mwekundu hivyo jamani! Ngozi yake inazidi weusi au inaelekea zambarau, inang'aa, imekaza, na pengine rangi haijabadilika kabisa, halafu kwenye faili inaandikwa hakuna dalili huku mguu unawaka. Nimeshaona pia kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, wote tumesoma kwenye faili kwamba kidonda hakina wekundu, kumbe usaha uko chini, na yeye alikuwa analalamika maumivu tangu usiku.

Mtu akielewa kinachotokea ndani hawezi kuitegemea rangi peke yake. Tishu ikiumia, seli za hapohapo zinamwaga kemikali inayoitwa histamini, mishipa midogo inatanuka, damu inajaa sehemu ile, ndo joto hilo na ndo wekundu huo, vyote vinatoka kwenye damu ileile. Kuta za mishipa zinalegea, maji yanavuja, panavimba. Kemikali nyingine, prostaglandini na bradikinini, zinachokoza neva, panauma. Ndani ya masaa machache zinafika nyutrofili, yaani seli nyeupe za damu, zinameza bakteria na kufa hapo, na usaha kwa sehemu kubwa ni hizo zilizokufa, makrofaji, seli nyingine za kinga, zinafuata baadaye kusafisha. Kwahiyo rangi ya ngozi inaweza kuuficha wekundu lakini joto haiwezi kulificha.

Basi wafundishwe kugusa. Nawa mikono, weka mgongo wa mkono pembeni ya kidonda kisha upande wa pili wa mwili, linganisha. Bonyeza taratibu uone kama pamekuwa pagumu. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa, zamu inayofuata ijue kama unatembea. Na muulize mgonjwa, tena umwamini anapokwambia leo panauma kuliko jana.

Pia wajue kwamba uvimbe kidogo siku mbili tatu za kwanza baada ya upasuaji ni mwili unafanya kazi yake, hapo hatukimbilii antibayotiki (hili la kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kila uvimbe nalo linahitaji barua yake). Unaotakiwa kukushtua ni ule ambao badala ya kupungua unaongezeka, na homa, na harufu.

Halafu kuna wagonjwa ambao mwili hauna nguvu ya kuonyesha dalili: mwenye VVU iliyofika mbali, mwenye sukari, mzee sana, mtoto mwenye utapiamlo, anayetumia prednisoloni (dawa inayopunguza nguvu ya kinga) muda mrefu. Huyo anaweza asivimbe sana wala asitoe usaha, na hali ni mbaya. Kichanga akipata maambukizi anaweza hata kuwa wa baridi badala ya homa. Hawa ndio wa kuwakagua mara nyingi zaidi, sio wa kuwapita kwa sababu wanaonekana wametulia.

Ombi langu kwa vyuo: kwa ridhaa ya wagonjwa, bila sura wala majina, pigeni picha za vidonda kwenye ngozi za watu wa huku zitumike darasani. Na kwenye mtihani wa vitendo mwanafunzi asipewe maksi kwa kutaja dalili tano tu, apelekwe kwa mgonjwa, aguse, aseme amekuta nini.

Muuguzi,
Ujiji, Kigoma