Samatta hakuruka kutoka Mbagala hadi Ulaya

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wako wa michezo amemwandika vizuri mshambuliaji wetu Mbwana Samatta, na goli alilofunga Wembley, Uingereza, akiwa na Aston Villa amelisimulia kama vile alikuwa amekaa nyuma ya lango. Lakini nimeisoma makala ile mara mbili nikiitafuta Lubumbashi, nikaikuta kwenye nusu mstari: eti "alipitia" TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, Kongo. Mtu hupitia dukani kununua kiberiti. Samatta aliingia Kongo mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akatoka Januari 2016 akiwa na miaka 23. Muda huo ni mrefu kuliko aliokaa Genk ya Ubelgiji mara ya kwanza.

Mimi ni dereva mstaafu. Nimepeleka mizigo Kongo miaka mingi: Dar, Tunduma, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, Lubumbashi. Kwenda tunabeba makontena ya bandarini, kurudi shaba. Huko ndiko nilikomjua Samatta, maana alipokuwa Simba sikumfuatilia. Mimi ni Yanga, sina haja ya kuficha.

Siku moja niliingia kwa kinyozi mtaa wa Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe. Nilipofungua mdomo akajua mimi si wa pale. "Unatoka Tanzania? Kwa Samatta?" Akazima mashine. Kichwa changu nusu kimenyolewa, nusu bado, na jamaa ameanza kunielekeza magoli kwa mkono wenye kitana. Akamaliza Samatta, akahamia kwa kipa wao Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio. Kwa kuwa maneno hayakumtosha, alikaa chini kwenye nywele za wateja akaruka hivyo hivyo mpaka mlangoni. Aliporudi kunimalizia kichwa akaniambia: "Ule mutoto ni wetu." Sikubishana naye, mashine alikuwa nayo yeye.

Neno hilo, "wetu", ndilo lililokosekana kwenye makala yenu. Kijana wa Mbagala alifika Lubumbashi akakuta watu wanaongea Kiswahili. Kina lafudhi yake, "batu" badala ya watu, "muzuri" badala ya mzuri, lakini ni Kiswahili. Hakuhitaji mkalimani sokoni wala kwenye daladala. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye hapo hapo. Ukiwa na miaka 18, mbali na mama yako, si jambo dogo kununua vocha bila kuoneshana vidole.

Halafu kuna klabu yenyewe. Mazembe ya tajiri wao Moïse Katumbi ilikuwa imebeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikacheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Ilikuwa na uwanja wake, wakati Simba na sisi Yanga tulikuwa tunakodi wa serikali. Walimwona Samatta akiwafunga na jezi ya Simba kwenye mashindano ya Afrika 2011, wakamchukua. Na ni Simba hao hao waliowakatia rufaa mwaka ule juu ya mchezaji asiyestahili, Mazembe wakaondolewa mashindanoni. Kwa hiyo kijana aliingia nyumba ambayo timu yake ya zamani ilikuwa imetoka kuishtaki! Hilo nalo lingestahili aya moja.

Tarehe 8 Novemba 2015, marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na USM Alger ya Algeria, Mazembe wakiwa wameshashinda 2-1 kule Algiers. Mimi sikuwepo uwanjani, nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tulikaa chini ya tela na redio moja: Watanzania tuna Samatta na Ulimwengu, Wazambia wana Kalaba, Wakongo wana timu. Mtangazaji anaongea Kifaransa. Kifaransa sikijui, ila "Samatta" na "penalti" havihitaji shule. Dakika ya 74 akafunga. Mwenzake Assalé akaongeza la pili mwishoni, na honi za malori hazikunyamaza mpaka askari wa mpakani alipokuja kuuliza kuna nini. Naye akabaki kusikiliza.

Samatta alimaliza mashindano yale na magoli 7. Januari 2016, Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akimshinda Kidiaba wa timu yake mwenyewe. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameipata kabla yake. Genk walikuja wakati huo. Ubingwa wa Ubelgiji 2019, goli la kichwa pale Anfield kwa Liverpool Novemba ile, Aston Villa, Fenerbahçe, ubingwa wa Ugiriki na PAOK, hayo mmeyaandika na sina la kuongeza.

Kinachoniudhi ni kwamba vijana wanaisoma hadithi hii ikiwa imekatwa kipande. Mtaani kwetu yupo mmoja, kiungo mzuri kweli, aliyeitwa na timu moja ya Zambia. Akakataa. Wakala mmoja alikuwa amemwambia Ulaya inakuja, asijishushe. Baba yake aliuza pikipiki kulipia hiyo viza ya Ulaya. Wakala hapokei simu sasa, na kijana anacheza ndondo za mchana kwa jezi ya kuazima. Nilipomtajia Lubumbashi aliniambia, "Mzee, Samatta yeye alienda Ubelgiji."

Naomba basi mrudi kwenye habari hii mwandike miaka ile minne na nusu. Wazungumzeni na watu wa kule waliomwona kila wiki, hawahitaji kutafsiriwa. Na mkimtuma mwandishi kwa njia ya barabara, mwambieni abebe redio na betri za akiba. Pale Kasumbalesa atakaa.

Wako,
Dereva mstaafu,
Tunduma