Tuwajadili Wamormoni kwa yale wanayoyafundisha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kauli inayorudiwa sana katika mahubiri, kwamba Mkristo huokolewa kwa imani ilhali Mmormoni hujiokoa kwa matendo yake. Mimi ni Mprotestanti, na naamini kwa moyo wote kwamba twahesabiwa haki bure kwa neema. Hata hivyo, kauli hiyo inazidhulumu pande zote mbili.

Kwanza inatudhulumu sisi wenyewe. Tunapenda kunukuu Waefeso 2:9, "wala si kwa matendo", tukaiacha aya inayofuata, isemayo kuwa tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Tena Paulo na Yakobo wanamtaja Ibrahimu yule yule: Paulo anamtazama usiku ule alipoonyeshwa nyota akamwamini Mungu, Yakobo anamtazama miaka mingi baadaye, kisu mkononi na Isaka juu ya kuni za madhabahu. Imani ni ile ile, ila sasa imezaa. Walutheri na Wakatoliki, waliofarakana kwa jambo hili tangu karne ya 16, walitia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema pekee, wala si kwa stahili yetu yoyote, na kwamba Roho Mtakatifu hutuita na kutuwezesha kutenda mema.

Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio hao tunaowaita Wamormoni, kwa upande wao, hawafundishi kwamba mtu aweza kuokoka pasipo Kristo. Makala yao ya Imani ya tatu inatanguliza Upatanisho wa Kristo, ndipo inataja utii kwa sheria na ibada za Injili. Ufufuo, kwao, ni zawadi ya kila mtu, mwema kwa mwovu. Masharti yanakuja pale panapohusika kuinuliwa, yaani daraja la juu kabisa la ufalme wa selestia, ulio mkuu kati ya falme tatu za utukufu wanazozifundisha: hapo panatakiwa toba, ubatizo, kuwekewa mikono na maagano ya hekaluni, ikiwemo ndoa ya milele.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Kitabu cha Mormoni, wanachokihesabu kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia, katika 2 Nefi 25:23, kinasema tunaokolewa kwa neema baada ya yote tunayoweza kutenda. Dieter F. Uchtdorf, akiwa katika Urais wa Kwanza, yaani baraza kuu la uongozi wa kanisa lao, alifafanua mwaka 2015 kwamba "baada ya" si sawa na "kwa sababu ya", na ufafanuzi huo nauheshimu. Lakini dhamiri iliyoelemewa itauliza tu: ni lini nitakuwa nimetenda yote niwezayo?

Mnyang'anyi aliyesulubiwa kando ya Yesu hakubatizwa wala hakuingia hekaluni, naye aliambiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Najua Wamormoni hujibu kwamba peponi hapo ni mahali roho zinapongojea ufufuo, na kwamba ubatizo kwa niaba ya wafu waweza kumfaa hata yeye. Jibu hilo lina mantiki yake, na linaonyesha waziwazi tunapotofautiana: wao wanaona kuna ibada iliyobaki kutimizwa kwa ajili ya mtu yule, mimi naona kwamba neno la Kristo lilikuwa limemtosha. Kama wahubiri wetu wanataka mjadala nao, wauanzie hapo.

Msomaji wako