Kabla ya Kununua Betri, Isome Kwanza Inveta Yako ya Haibridi

Wateja wengi wanaotuulizia betri za sola huanza na ukubwa: ni ampea-saa ngapi, na zitawasha nyumba kwa muda gani. Ni swali la haki, lakini kwa mwenye inveta ya haibridi halifai kuwa la kwanza. Inveta ya aina hii haichukui umeme wa betri tu, bali pia ndiyo inayoichaji, iwe kwa paneli au kwa umeme wa gridi, na ndiyo inayoamua kutwa nzima lini ichaji na lini ichote. Swali la kwanza, basi, ni kama betri unayoitaka inaweza kutoa mkondo ambao inveta itaudai, na kuhimili ule ambao inveta itauingiza.

Tuanze na volteji, maana hapo hakuna mjadala. Inveta nyingi za nyumbani hufanya kazi na betri za volti 48, lakini zipo pia za volteji ya juu, zinazohitaji betri za mamia ya volti, na aina hizo mbili haziwezi kubadilishana betri kwa namna yoyote. Hata ndani ya hizo zinazoitwa za volti 48 kuna tofauti ambayo jina la jumla haliionyeshi. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti yenye seli 16, yaani vipande vidogo vya betri vilivyounganishwa ndani yake, ina volti 51.2 za kawaida, na kikomo chake cha juu cha kuchaji ni volti 58.4, yenye seli 15 ina volti 48, na kikomo chake ni 54.75. Fundi akiacha inveta ichaji hadi volti 57 kwenye betri ya seli 15, kila seli itasukumwa kuelekea volti 3.8 ilhali mwisho wake ni 3.65, na kidhibiti cha ndani ya betri, yaani BMS, kitakata umeme ili kuzilinda.

Mkondo ndio unaoleta malalamiko mengi zaidi, kwa sababu kasoro yake hujificha. Chukua inveta ya kilowati 5 iliyofungwa na betri moja ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Inveta hiyo ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huvuta takriban ampea 98 kutoka kwenye betri, na ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, zinazidi 105. Sasa soma kitabu cha betri: nyingi za ukubwa huo hupendekeza mkondo wa kudumu wa ampea 50 tu. Gridi ikiwapo hutagundua lolote, kwa kuwa inveta hupitisha umeme huo moja kwa moja kwenye vifaa. Gridi ikikatika usiku, birika la umeme la wati 2,000 likiwa linachemsha na pasi ya wati 1,200 ikiwa mezani, betri inadaiwa zaidi ya ampea 62 kabla hata ya kuhesabu friji. BMS ikiwa imewekewa kikomo cha karibu na hapo, itakata, na nyumba itazimika ilhali kioo cha inveta kilikuwa kikionyesha chaji ya asilimia 80. Mwenye nyumba hudhani inveta imeharibika, nayo ni nzima kabisa.

Dawa yake ni ama kuongeza betri ya pili ya aina ileile sambamba na ya kwanza, ili zigawane mzigo, ama kupunguza matumizi ya pamoja wakati gridi haipo. Pampu na friji zihesabiwe kwa uangalifu, kwani mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida.

Upande wa kuchaji nao una mtego wake, hasa kwa betri za asidi. Betri hizo kwa kawaida huchajiwa kwa mkondo wa asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake, yaani ampea 20 hadi 40 kwa betri za ampea-saa 200. Inveta yenye uwezo wa kuchaji kwa ampea 80, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, inaweza kuzipasha moto na kuzikausha maji.

Kwa lithiamu kuna jambo la tatu, nalo ni mawasiliano. Volteji yake hubaki karibu palepale kwa sehemu kubwa ya matumizi, kwa hiyo inveta inayokisia chaji kwa kuangalia volti pekee hukosea sana. BMS ndiyo yenye hesabu sahihi, nayo huituma kwenye inveta kwa waya wa data wa aina ya CAN au RS485. Plagi za pande zote mbili mara nyingi hufanana na ya kebo ya intaneti, na huingia vizuri hadi zikalia kidogo, lakini mpangilio wa nyaya ndani yake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ndiyo maana kioo huonyesha kosa la mawasiliano ilhali kila kitu kimechomekwa. Mfumo unaweza kufanya kazi bila waya huo kwa mipangilio ya mkono, ingawa sisi hatupendekezi njia hiyo pale ambapo itifaki ya pamoja, yaani lugha ya mawasiliano ambayo betri na inveta zote zinaielewa, ipo.

Anayehama kutoka betri za asidi kwenda lithiamu ahakikishe pia kwamba hatua ya kusawazisha seli za asidi imezimwa kwenye menyu, maana huweza kupandisha volteji kupita 60. Asichanganye aina hizo mbili kwenye mfumo mmoja, na asifunge betri kuukuu na mpya pamoja.

Ukitaka tukupe ushauri kabla ya kulipia chochote, tutumie picha ya lebo ya inveta, ukurasa wa betri katika kitabu chake, na orodha ya vifaa vinavyowaka kwa wakati mmoja. Kama tayari una betri, piga picha ya lebo yake pia, kwa sababu wakati mwingine uliyo nayo inatosha, na kinachohitaji kubadilishwa ni tarakimu chache kwenye menyu.