Barua ya wazi kwa binamu yangu: The Six hawakuvunjikia Chicago

Binamu,

Ujumbe wangu umeusoma na hukujibu. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Ulisema mbele ya shangazi kwamba sijui mapenzi, ndiyo maana nakataa kuwa mapenzi ya Billy na Daisy, waimbaji wawili wa bendi ya The Six kwenye ile tamthilia ya televisheni, ndiyo yaliyolivunja kundi. Neno lile lingali linaniuma. Lakini tuligombania andiko lako la tamthilia, na ugomvi ulianzia kwenye tamthilia ile, kwa hiyo nianzie huko.

Daisy Jones & The Six, sehemu zote 10 za Machi 2023, haikufichi mwisho wake: Soldier Field, Chicago, Oktoba 4, 1977, onyesho la mwisho. Riley Keough (Daisy) na Sam Claflin (Billy) wanaimba kwenye kipaza sauti kimoja, pua kwa pua, na sauti ni zao wenyewe. Ndiyo maana pumzi na misuli ya shingo vinakwenda na wimbo. Ukaangalia hapo tu. Sikulaumu kwa hilo, pametengenezwa vizuri mno.

Mimi nimeshindwa kusahau pale Eddie, mpiga gita wao, anapohamishiwa gita la besi. Chuck, mpiga besi, kaondoka, pengo lazima lizibwe, na Billy anaamua. Mpiga gita anaambiwa aweke gita chini, basi, hadithi inasonga mbele. Wewe uliita kipande kile cha kupitishia muda!

Wewe unayeandika tamthilia ya bendi ya dansi, hebu fikiri alichopewa yule kijana. Nyuzi 4 nene badala ya 6. Urefu wa uzi kwenye besi ya kawaida ni inchi 34, wakati magita mengi hayafiki 26, kwa hiyo vidole vinatanuka na kiganja kinachoka upesi. Halafu kuna kazi yenyewe: besi inatembea na ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kukanyaga. Mpiga solo aliyehamishwa hujaza noti kila penye nafasi, anaikimbia ngoma, wimbo unapwaya, naye ndiye anayelaumiwa. Akijifunza kutulia, wimbo unasimama, na sifa anapewa mwimbaji.

Najua utasema Eddie alimpenda Camila, mke wa Billy. Kweli. Ila kinyongo cha besi kinaamshwa kila jioni anapofungua sanduku la chombo.

Watazame Fleetwood Mac, bendi ya kweli, ambao kivuli chao kimeijaa tamthilia hii. Kwenye albamu yao Rumours ya 1977, kila wimbo una jina la mtunzi wake, na mmoja tu, The Chain, una majina ya wote watano. Silver Springs, wimbo wa mwimbaji wao Stevie Nicks, uliachwa nje, sababu mojawapo ikiwa urefu. Upande wa santuri ya inchi 12 hubeba vizuri dakika 20 na kitu. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inashuka. Lazima wimbo wa mtu utoke, na mtu huyo ana roho. Ukawekwa upande wa pili wa santuri ndogo ya Go Your Own Way, wimbo wa mpiga gita wao Lindsey Buckingham kuhusu kuachana na Stevie huyohuyo. Hapo nionyeshe mapenzi yanapoishia na kazi inapoanzia.

Kwa hiyo kwenye andiko lako, kabla bendi haijaingia studio, waweke mezani na karatasi. Nani katunga maneno, nani katunga sauti, kila mmoja anapata asilimia ngapi, nani ana neno la mwisho nyimbo zikipangwa, vyombo ni vya nani. Kwetu hilo la mwisho lina uzito: vyombo vikiwa vya mwenye bendi, mwanamuziki akikasirika anahama na vidole vyake tu. Mpe mpiga besi wako mstari mmoja pale, akatae au anyamaze, lakini kamera imwone.

Haya ndiyo niliyokuwa nayasema uliponikatiza. Nilipaza sauti, ndiyo, kwa sababu ulikuwa umeshafunga daftari na shangazi anacheka. Ningenyamaza, ungeandika sehemu nane za watu wawili wanaotazamana, na wanamuziki wetu wa nyuma wangebaki mapambo ya jukwaa. Una mkono mzuri wa kuandika kuliko wote nyumbani. Nilikuwa na haki ya kukasirika.

Nitumie sehemu ya tatu, ile ya mazoezi. Usiifute kwa sababu yangu, wala usimwondoe mpiga besi ili kunikomoa.