MCA anayetaka kurudi 2027 aanze kuhesabu kutoka Agosti kurudi nyuma

Mhariri,

Wawakilishi wadi (MCA) wa Nairobi wameanza kuonekana tena mazishini, kwenye harambee na kando ya viwanja vya soka. Si vibaya, mwananchi anahitaji kumwona mtu wake. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wao, wakiwemo wachapakazi ambao wadi zao zingefaidika wakirudi, wanapanga muhula wa pili kwa kalenda ya kampeni. Kiti cha MCA hutetewa kwa kalenda ya bajeti, na kalenda hiyo haimsubiri mtu.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Maana yake ni kwamba bajeti ya 2027/28 itakuwa na siku 40 tu kabla ya watu kupiga foleni vituoni. Katika siku 40 hakuna zabuni itakayotangazwa, ifunguliwe, itathminiwe, mkataba utiwe saini na mtaro ukamilike. Bajeti ya mwisho inayoweza kumsaidia aliye kitini ni ya 2026/27. Nayo haizaliwi Juni. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Mradi ambao haukuwa kwenye mpango wa Septemba huwa mgumu kuupenyeza Aprili. Kwa hivyo MCA atakayesimama jukwaani Januari 2027 na kuahidi barabara mpya kabla ya uchaguzi atakuwa anaahidi asichoweza, na wapiga kura wamekuwa wepesi wa kulitambua hilo.

Jambo la pili ni maneno yenyewe ya bajeti. Mstari unaosema “uboreshaji wa barabara za wadi” hauna mwenyewe. Bajeti ya ziada ikija, na huja karibu kila mwaka, mstari wa namna hiyo ndio wa kwanza kukatwa kwa sababu hakuna kijiji wala mtaa utakaolalamika kwa jina. Mwakilishi makini huhakikisha mstari unasema barabara inatoka wapi hadi wapi, ni mita ngapi, changarawe ina unene gani, mitaro iko upande mmoja au miwili, na kalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni ngapi na za kipenyo gani. Mstari kama huo unaweza kupimwa kwa utepe, na mwananchi anaweza kuusoma kwa sauti kwenye kikao cha kushirikisha umma.

Barabara ndiyo humwangusha MCA zaidi, basi acha niikalie kidogo. Changarawe inayomwagwa Januari au Februari bila mitaro huonekana nzuri kwa wiki nane hivi. Mvua ya masika inaanza Machi na kuendelea hadi Mei. Maji yasiyo na njia hutafuta katikati ya barabara, huosha udongo laini unaoshikanisha kokoto, na kufikia Juni kinachobaki ni korongo na mawe yanayoruka chini ya magurudumu ya bodaboda. Agosti watu wanapiga kura wakiwa wamepita hapo asubuhi ile ile. Dawa yake inajulikana: mtaro uchimbwe kwanza, kalvati za milimita 600 ziwekwe penye mkondo, barabara iinuliwe kidogo katikati ili maji yashuke kando, ndipo changarawe ya milimita 150 imwagwe, inyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa rola. Mwanakandarasi akileta lori la changarawe kabla ya kuchimba mtaro, hapo ndipo MCA anapopaswa kumwita mhandisi, asingoje malalamiko. Na kabla ya yote ajue barabara ni ya nani. Barabara zilizo chini ya KURA (mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini) au KeNHA (ile ya barabara kuu) si za kaunti, na bunge la kaunti haliwezi kuzitengea hata shilingi. Kuahidi barabara ya mamlaka nyingine ni kujitafutia aibu.

Zahanati huleta taabu ya namna nyingine. Jengo hulipwa kwa fedha za maendeleo, lakini muuguzi, dawa na umeme hulipwa kwa fedha za matumizi ya kawaida, na kuajiri ni kazi ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Bunge likipitisha jengo bila kupitisha mishahara, mlango hufungwa kwa kufuli na nyasi humea mlangoni. Ni hivyo hivyo kwa taa za mulika mwizi: mlingoti hausaidii kitu iwapo hakuna mita ya Kenya Power na fungu la kulipa bili kila mwezi. Darasa la chekechea nalo lisilo na choo na maji halifai kufunguliwa. Anayetaka kura afuatilie nusu hii ya pili ya mradi, ile isiyo na utepe wa kukata.

Kuhusu basari nitasema machache tu. Shule za sekondari ni jukumu la serikali kuu. Mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali kuu, na suala likaishia mahakamani. Aliyejenga kampeni yake yote juu ya hundi za karo amejenga juu ya kitu asichokimiliki.

Ni vyema pia waheshimiwa wawaeleze watu ukweli kuhusu kazi yao. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria na kulisimamia tawi la utendaji, na bajeti haipiti bila bunge hilo. MCA hatii saini zabuni na halipi wanakandarasi. Fedha za kaunti zikichelewa kutoka Hazina Kuu, mwanakandarasi huondoa mashine na lawama zinamwangukia mwakilishi. Kinga yake ni rekodi: maombi ya taarifa aliyowasilisha kwenye kamati, hoja alizotoa, majibu aliyopewa na tarehe zake, vyote vikiwa ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge. Akizichapa kurasa hizo na kuzibandika katika ofisi ya wadi, mwananchi ataona nani alikwamisha nini. Afanye hivyo mapema na kwa fedha zake, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kutumia rasilimali za umma katika kampeni, na tume ya uchaguzi (IEBC) inaweza kumtaka aorodheshe kwa maandishi vifaa vyote alivyo navyo kwa sababu ya wadhifa wake.

Kisha kuna mchujo wa chama, ambao katika ngome nyingi ndio uchaguzi wenyewe. Walio kitini wana nafuu moja: hawalazimiki kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi kama watumishi wengine wa umma. Lakini wana mtego wao. Anayetaka kuwa mgombea huru hapaswi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, maana yake awe amehama mapema Mei 2027, na awe na saini za wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Mchujo ukicheleweshwa hadi karibu na tarehe hiyo, aliyeshindwa huwa na siku chache mno za kuandika barua ya kujiuzulu, kumfikishia Msajili wa Vyama na kutafuta saini. Juu ya hayo, Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema mwakilishi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akijiuzulu kutoka chama hicho, kiti kinakuwa wazi. Afanye uamuzi akijua gharama yake. Saini nazo akusanye zaidi ya 500, maana majina yasiyo kwenye sajili ya wadi hukatwa, na jirani aliyehamia mtaa wa pili huenda amesajiliwa kwingine.

Ada ya uteuzi ni Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Gharama halisi iko kwa mawakala. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hivyo wadi yenye wapiga kura 20,000 ina vituo visivyopungua 29. Hesabu watu 29, na wengine angalau sita wa akiba, wenye chakula, nauli na simu zenye chaji hadi usiku wa manane. Kura zinazohesabiwa pale ni za nyadhifa sita. Wakala akiondoka mara tu matokeo ya urais yanapotangazwa kituoni, kura za MCA zinahesabiwa bila jicho la mwenyewe. Afundishwe mapema kutafuta Fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA kituoni, alinganishe jumla ya kura halali na zilizokataliwa na idadi ya waliopiga kura, atie saini, achukue nakala na kupiga picha ile inayobandikwa mlangoni. Akikataa kutia saini, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo tu, kwa hivyo ni heri aandike sababu zake kwenye fomu kuliko kususia.

Nakala hizo ndizo zitakazohitajika iwapo kutakuwa na kesi. Ombi la kupinga ushindi wa MCA hupelekwa mbele ya hakimu ndani ya siku 28 baada ya tume kutangaza matokeo, pamoja na dhamana ya Sh100,000, na uamuzi hutolewa ndani ya miezi sita. Mgombea anayeanza kuzitafuta fomu zake wiki ya nne huwa amechelewa.

Mfuatiliaji wa ugatuzi,
Nairobi