Umekiokota kwa ditekta? Kipime kabla hujakisugua

Vitu vingi vya kale vilivyookotwa kwa ditekta (kifaa cha kutafutia metali ardhini), vikifika dukani kwetu hapa Tabora, vinakuja vinang'aa. Mwenye kitu amekiloweka kwenye ndimu au siki, akakisugua kwa majivu na waya wa sufuria, akiamini anatupunguzia kazi. Kumbe hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na bei ya kitu inaposhuka.

Mfano ni sarafu ya heller 20, pesa ndogo ya enzi ya Wajerumani, ya mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, sarafu zikaadimika, wakaamua kuzigonga wenyewe kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, mashariki ya mji wetu. Upande mmoja utaona taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916 na chini yake herufi T, yaani Tabora. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba njano, na wakusanyaji huzitenganisha. Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Asidi ya ndimu huanza kula zinki, uso wa sarafu unabaki mwekundu, na njano inafanana na nyekundu. Kwa macho hapo hakuna wa kukuambia kitu. Jambo jingine: hizi ziligongwa kwa haraka na vifaa vya kuungaunga, kwa hiyo picha iliyokaa upande au maandishi yaliyofifia si dalili ya ubandia. Tunashuku zaidi ile iliyonyooka mno.

Basi fanya hivi. Sarafu au kitu cha shaba, kiloweke kwenye maji safi hadi udongo ulainike, pitisha mswaki laini bila sabuni ya unga, kikauke kivulini. Cha chuma usikiloweke kabisa. Pangusa udongo mkavu kwa brashi, kitie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kutu usiibandue: mara nyingi alama ya kiwanda imebaki ndani ya tabaka la kutu, si kwenye chuma chenyewe.

Sasa vipimo. Unahitaji sumaku ya kugusia kitu uone kama kinanata (ya spika mbovu inatosha), rula yenye milimita, na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai, utaona sababu.

Pima kitu kikavu, andika uzito. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa chini wala ukingo. Gramu zitakazosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dhahabu safi hutoa 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba nyekundu karibu 9, shaba njano 8.4 hadi 8.7, chuma 7.9, aluminiamu 2.7. Kipimo hudanganya povu likishika kwenye kitu, udongo ukijaa matunduni, au kitu kikiwa na uwazi ndani.

Rupia ya Mjerumani, ile yenye Kaizari Wilhelm II na kofia ya tai, ina milimita 30 na gramu 11.66, fedha 917 kwa 1000. Majini inapaswa kusoma 1.13 hivi, jibu 10.3. Ikitoa 8.7 umeshika bandia. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye picha ya tembo, ni ndogo: milimita 22 na gramu 7.17, majini takriban 0.48 tu, jibu 15 hivi kwa kuwa si dhahabu safi. Ndiyo maana tunasisitiza mizani ya sonara. Ya shaba njano ya ukubwa uleule haifiki hata gramu 4.5, na hizo za kuigiza zipo nyingi.

Na ile habari ya rupia yenye zebaki inayonunuliwa kwa mamilioni? Hakuna rupia yenye zebaki. Anayekuomba "hela ya kupimia" kabla ya kununua anataka hiyo hela.

Isiyo sarafu ndiyo inayosumbua zaidi. Kila mnyororo unaitwa wa watumwa, lakini mingi tunayoiona ni ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, au ya mikokoteni. Angalia pete moja moja. Zilizofuliwa kwa nyundo hutofautiana unene na huwa na sehemu bapa pale ncha zilipoungwa. Zote zikilingana, zenye kinundu kidogo cha kulehemu, hizo ni za kiwandani. Donge zito jeusi lenye vitundu kama sifongo ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuru la kuyeyushia. Ganda la risasi pima urefu: milimita 57 bila ukingo uliotokeza kitakoni ni ya bunduki ya Mauser ya Kijerumani, 56 yenye ukingo ni ya Kiingereza, 60 yenye ukingo na mdomo mpana wa milimita 11 ni Mauser ya zamani ya mwaka 1871.

Risasi ikiwa bado ina kichwa, au ukikuta kitu kama chupa ya chuma chenye ncha, acha kilipo. Weka alama, ondoka, piga 112. Mji huu ulipiganiwa mwaka 1916 na baruti haizeeki kwa upole. Vitu hivyo hatupokei dukani hata kwa picha ya mkononi.

Kuhusu sheria: chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni cha kuripotiwa, ama kwa Idara ya Mambo ya Kale ama ofisi ya mkuu wa wilaya, na kuchimba ukivitafuta kunahitaji kibali. Leseni ya dhahabu ya Nzega si kibali hicho. Kwihara, penye tembe la Livingstone, usiingie na ditekta. Tarehe nayo ina mtego wake: riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, huandikwa 1780 daima, hata iliyogongwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka pekee hauthibitishi kitu. Tuletee tuisome alama ndogondogo kabla hujaamua.

Ukitutumia picha, piga kivulini bila flashi: mbele, nyuma, ukingo, na moja kitu kikiwa kando ya rula. Ongeza uzito, jibu la sumaku, kina ulichokikuta, na kilichokuwa jirani: tuta la reli, shamba la tumbaku, au ile safu ya miembe ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji.