Jumamosi tunazibua mtaro

Habari za jioni majirani,

Kikao cha Jumapili kimeahirishwa. Badala yake tukutane Jumamosi saa 1:00 asubuhi, pale mtaro unapokata kona. Maji yamesimama, majani yameoza, na viluwiluwi vya mbu vinaonekana kwa macho. Yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo tusingoje wiki nyingine.

1. Leteni makoleo, reki na toroli.
2. Glavu na buti ni lazima.
3. Magari yasiegeshwe kando ya mtaro kuanzia Ijumaa usiku.

Wazee wetu wasibebe kitu, wakija kutusalimu inatosha. Mliohamia juzijuzi, njooni tufahamiane. Mtaa umetulia mno, tunapishana getini bila kujuana majina.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, na utaje kifaa utakacholeta.